UZI: Ruta imefaulu kila jaribio la uigaji, maabara inaanguka kila nusu saa. Nani mwongo hapa?

#1 SindanoYaFaiba
Salaam wakuu. Naomba vichwa vyenu.

Tuna ruta mpya tunayoijaribu kabla ya kuiingiza kwenye mtandao. Wiki tatu nimekuwa nayo ndani ya GNS3 (programu ya kujenga mtandao pepe kwenye kompyuta), nikitumia imeji ya mfumo, yaani nakala ya programu ya ruta, iliyotolewa na mtengenezaji mwenyewe. Nodi 12, OSPF (itifaki ya ruta kuambizana njia ndani ya mtandao) chini, BGP (ya kubadilishana njia kati ya mitandao) juu yake. Nimekata viungo, nimezima nodi, nimerudisha, nimekata viwili kwa mpigo. Kila kitu kijani. Nikaandika ripoti, bosi akasaini.

Juzi tumeifunga ile ya chuma kwenye raki, tukaiunganisha na mtambo wa kuzalisha trafiki unaojifanya ni mamia ya ruta nyuma ya majirani (ruta zinazoongea nayo moja kwa moja) wachache. Dakika ya 31 majirani wote wa OSPF wakadondoka, halafu wakarudi wenyewe. Tukaanza upya: dakika ya 29. Mara ya tatu: 34. Toleo la mfumo ni lile lile, usanidi nimeunakili herufi kwa herufi.

Je, uigaji umenidanganya, au ni mimi sikujua kuuliza? Na kwa nini nusu saa?

#2 Mpenda_Konsoli
Navuta kiti. Uzi huu utakuwa mrefu.

#3 KeboNyekundu
Kabla ya tiba turekebishe jina la ugonjwa. Ulichofanya si uigaji, mkuu. GNS3 haiigi ruta, ni emuleta: inaendesha mfumo wake halisi juu ya kompyuta ya kuazima. Dynamips, iliyokuwa moyo wa GNS3 zamani, ilikuwa inajifanya prosesa ya MIPS ya Cisco 7200 na wenzake, na mfumo wenyewe haukujua kwamba uko ndani ya laptopu. Siku hizi QEMU, programu ya kuendesha kompyuta pepe, ndiyo inabeba mzigo huo.

Uigaji wenyewe ni wa simuleta kama ns-3 au OMNeT++. Humo hamna mfumo wa mtengenezaji hata mstari mmoja. Kuna modeli ya itifaki iliyoandikwa na mtu, na saa inayoruka kutoka tukio hadi tukio. Pakiti ikifika kwenye nodi, kuichakata kunachukua muda sifuri, mpaka wewe mwenyewe uandike kwamba kunachukua muda. Ruta ya ns-3 haichoki. Haina prosesa ya kuchoka.

Kwa hiyo swali lako ni mawili. Uliuliza ya kwanza, ukajibiwa ya kwanza: je, mantiki ya usanidi ni sahihi? Ni sahihi. Hukuuliza kama chuma kinabeba.

#4 SindanoYaFaiba
Haya, nimekubali kuchapwa. Lakini kama ni mfumo ule ule, kwa nini hauanguki kwenye laptopu?

#5 Bi_Okteti
Kwa sababu kwenye laptopu pakiti zote zinapita kwenye prosesa. Kwenye chuma, prosesa inapanga njia tu, pakiti zinasukumwa na chipu maalumu. Hiyo chipu haimo kwenye imeji yako, kuna programu iliyokaa mahali pake. Ukijaribu imeji pepe umejaribu nusu ya ruta. Nusu iliyobaki ndiyo iliyoanguka.

Swali langu: ulisukuma fremu (vifurushi vya data kwenye waya) za ukubwa gani? Maana watu hupenda iperf3 (programu ya kupima kasi) na pakiti kubwa, grafu inapendeza. Fremu ya baiti 1518 kwenye kiungo cha Gbps 1 ni fremu 81,274 kwa sekunde. Punguza hadi baiti 64 inakuwa 1,488,095. Kiungo ni kile kile, lakini chipu inafanya maamuzi mara 18 zaidi.

#6 Pakiti_Mpotevu
Hesabu ya 1,488,095 inatoka wapi? Gbps 1 gawa kwa biti 512 napata 1,953,125.

#7 Bi_Okteti
Umesahau baiti 20 zisizoonekana: 8 za utangulizi na 12 za kimya kati ya fremu na fremu. 64 + 20 = 84, mara 8 ni biti 672. Gawa tena.

#8 Pakiti_Mpotevu
Nimegawa. Naomba radhi kwa hisabati.

#9 MzeeWaRilei
Vijana, chuma hakiigwi. Zamani tulikuwa na masanduku yanayopiga simu yenyewe, laini kwa laini, yanainua, yanabonyeza, yanasubiri mlio, yanakata. Tuliyaacha usiku kucha. Lakini hata hayo hayakuona kila kitu.

Someni ya tarehe 15 Januari 1990. Swichi 114 za AT&T aina ya 4ESS (mitambo ya kuunganisha simu) kule Marekani zilikuwa zinaangushana kwa zamu kwa muda wa saa 9. Kosa lilikuwa amri moja ya break mahali pasipo pake, ndani ya programu ya C iliyopakiwa katikati ya Desemba 1989. Swichi moja ya New York ilijisafisha, ikarudi, ikawatumia majirani ujumbe. Jirani akipokea ujumbe wa pili kabla hajamaliza kuandika habari za wa kwanza, naye anajiwasha upya. Akirudi, anatuma ujumbe, anawaangusha wengine.

Programu ile ilipita majaribio, kisha ikaishi mwezi mzima kazini bila kelele. Ilihitaji ujumbe mbili zikutane ndani ya kipande kidogo mno cha sekunde, chini ya mzigo. Maabara gani ingebahatisha?

#10 KeboNyekundu
Shikamoo mzee. Mfano huo mimi nausoma kinyume. Simuleta inayoweza kusogeza ujumbe mmoja millisekunde moja mbele au nyuma, mara elfu kumi, ndiyo ingeupata. Maabara ya chuma ndiyo isingeweza, maana saa ya chuma huipangii.

#11 MzeeWaRilei
Marahaba. Unaongea vizuri kwa mtu ambaye hajawahi kuungua kidole kwenye chuma cha kusolda.

#12 NodiYaTatu
Nusu saa si bahati nasibu, jamani. OSPF ina LSRefreshTime: sekunde 1800. Kila ruta inatangaza upya habari zake kila baada ya dakika 30 ili zisizeeke hadi MaxAge ya 3600. Sasa fikirini mtambo wa trafiki. Mtu anabonyeza kitufe, mamia ya ruta za kujifanya zinazaliwa sekunde moja. Dakika ya 30 zote zinapiga kelele sekunde moja. Kwenye mtandao halisi ruta ziliwashwa miaka tofauti, hazigongani namna hiyo. Kwenye GNS3 ulikuwa na nodi 12, hata zikisema kwa pamoja hamna kelele.

Kama ni hivyo, ruta yako haina kosa. Mtambo wa majaribio ndio umetengeneza dhoruba isiyokuwepo duniani.

#13 Mtawanyiko
Nzuri, lakini haikai sawasawa. Watengenezaji wengi hupanga kuhuisha huko kwa makundi na kukutawanya, ili kusitokee hiyo dhoruba. Pili, yeye kapata 31, 29, 34. Kipima muda kikiwa cha sekunde 1800, dakika ya 29 inatokea wapi? LSA (tangazo la habari za ruta) haihuishwi kabla ya wakati bila sababu.

#14 NodiYaTatu
Dakika zake anahesabu tangu lini? Tangu kuwasha trafiki au tangu majirani kuinuka? Mtambo unaweza kuinua majirani kwanza, yeye akaanza saa baadaye.

#15 SindanoYaFaiba
@NodiYaTatu tangu kuwasha trafiki. Majirani walikuwa juu tayari, dakika mbili tatu hivi kabla. Sikuandika. Najua, najua.

@Bi_Okteti fremu ni mchanganyiko, ndogo zimo. Tulipopima kiwango cha juu kwa utaratibu wa RFC 2544 (mwongozo wa kupima vifaa vya mtandao) ilipita bila tatizo kwa kila ukubwa.

#16 Bi_Okteti
RFC 2544 inataka kila jaribio la kiwango lisipungue sekunde 60. Ukipima sekunde 60 utagundua magonjwa ya sekunde 60. Huu wako unahitaji dakika 30 kukomaa. Ndiyo maana ripoti inasema imefaulu na raki inasema vingine, na zote mbili hazisemi uongo.

#17 FeniYaKushoto
Mnazunguka mbuyu. Nusu saa ndiyo muda ambao chuma kilichofungwa kwenye raki hufika joto lake la kudumu. Washa ruta, pima joto la moduli za faiba kila dakika, utaona mstari unapanda, unalala karibu na dakika ya 30. Laptopu yako haikuiga joto, haikuiga feni, wala moduli. Nimewahi kuona moduli inayoanza kutema makosa ya biti ikipata moto, ikipoa inakuwa mtakatifu. Tuliibadilisha ruta nzima kabla ya mtu kufikiria kuigusa kwa mkono.

#18 Pakiti_Mpotevu
Makosa ya biti yangeonekana kwenye vihesabio vya CRC (ukaguzi wa makosa ya fremu). @SindanoYaFaiba umeangalia?

#19 SindanoYaFaiba
CRC ni sifuri kwenye violesura vyote. Lakini nimefanya ya @FeniYaKushoto hata hivyo: nimeweka feni kubwa ya sakafuni mbele ya raki. Imeanguka dakika ya 33.

Halafu nikaiacha na majirani wote lakini bila trafiki. Saa mbili. Haikutikisika.

#20 FeniYaKushoto
Bila trafiki haipati moto, kwa hiyo hujanikanusha.

#21 NodiYaTatu
Bila trafiki prosesa ina nafasi ya kumeza dhoruba, kwa hiyo hujanikanusha na mimi.

#22 Mpenda_Konsoli
Jaribio moja, washindi wawili. Naongeza kiti cha pili.

#23 SauntiBilaPicha
Mimi ni wa upande wa simu za SIP (zinazopita kwenye mtandao wa data), niwape kisa. Tulikuwa tunajaribu seva ya simu kwa SIPp, programu ya kupiga simu za majaribio. Nikaandika skripti: simu 10 kwa sekunde, kila simu dakika tatu kamili. Ikapita safi. Kazini, seva ikawa inalegea jioni. Nikarudi kwenye skripti nikaona ujinga wangu: simu zangu zote zilikuwa na adabu. Kila moja dakika tatu, hakuna anayekata katikati ya mlio, anayepiga tena akikosa laini, wala anayeweka simu mfukoni bila kukata. Binadamu akikosa laini anapiga tena palepale, mara nne. Mzigo unazaa mzigo.

Nilipobadilisha muda wa simu ukawa wa kubahatisha na nikaongeza wapigaji wakaidi, seva ililegea hapo hapo mezani kwangu. SIPp haikuwa na kosa. Nilikuwa nimeiga watu ambao hawapo.

Kwa hiyo mimi nauliza trafiki yako ina sura gani. Bapa?

#24 SindanoYaFaiba
Bapa kabisa. Asilimia 80 ya kiungo, mstari ulionyooka.

#25 Mtawanyiko
Hapo @SauntiBilaPicha kagusa kidonda. Tangu Erlang, Mdenmaki wa kampuni ya simu ya Copenhagen aliyetoa kanuni yake mwaka 1917, tumezoea kuamini kwamba wapigaji wanakuja kwa mpangilio wa Poisson: ukijumlisha wengi, mawimbi yanasawazika. Kwa simu ilifanya kazi vizuri sana. Kwa data haikufanya. Leland na wenzake wa Bellcore walipopima Etheneti miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, walikuta mawimbi hayasawaziki: ukiangalia kwa millisekunde kuna vilima, kwa sekunde kuna vilima, kwa dakika vilima vile vile. Matokeo yalipotoka mwaka 1993 modeli nyingi zilibidi ziandikwe upya.

Trafiki bapa ya asilimia 80 haijazi bufa (kumbukumbu ya foleni ya pakiti) hata siku moja. Trafiki yenye vilima, wastani asilimia 40, inaijaza.

#26 Bi_Okteti
Kweli kabisa, na haimsaidii mwenye uzi hata kidogo 😀 Tatizo lake ni kinyume: anaanguka kwa trafiki bapa. Ukimletea vilima atakufa dakika ya tano.

#27 Mtawanyiko
Nilisema kagusa kidonda, sikusema ni kidonda kile.

#28 JedwaliLimejaa
Mmeacha jambo moja. Je, idadi ya njia inaongezeka kadiri muda unavyokwenda? Imeji pepe inaweka jedwali la njia kwenye RAM, na RAM unaiongeza kwa kubofya. Chuma kinaweka kwenye TCAM (kumbukumbu maalumu ya chipu), na TCAM ikijaa imejaa. Mnakumbuka tarehe 12 Agosti 2014, jedwali la IPv4 la dunia lilipovuka njia 512,000? Ruta za umri fulani zilikuwa zimegawiwa nafasi ya 512K kwa IPv4, zikaanza kuyumba sehemu mbalimbali duniani. Usanidi wake ungeupitisha kwenye emuleta bila mshangao wowote.

#29 SindanoYaFaiba
Njia hazibadiliki tangu mwanzo, ni karibu 20,000. TCAM iko chini ya nusu. Lakini asante, hilo la RAM sikuliwaza.

#30 Mwanafunzi_wa_Waya
Samahani kuingilia, naanza kujifunza. Nianze na Packet Tracer, GNS3 au ns-3?

#31 KeboNyekundu
Packet Tracer kwa kuzoea amri, ukijua kwamba amri nyingi za kifaa halisi hazimo, na ikikujibu kitu ni mwandishi wake kakujibu, si ruta. GNS3 au EVE-NG ukitaka tabia ya mfumo wenyewe. Containerlab kama kompyuta yako ina pumzi fupi. ns-3 ukitaka kuuliza maswali ya "ingekuwaje kama" kuhusu itifaki, na uwe tayari kwa C++.

#32 MzeeWaRilei
Na bisibisi.

#33 Mwanafunzi_wa_Waya
Asanteni. Bisibisi ipo.

#34 Pakiti_Mpotevu
Mwanafunzi, kitu kimoja ambacho hutaambiwa: usipime ucheleweshaji ndani ya GNS3 ukaupeleka kwa mkubwa wako. Nilipeleka millisekunde 14. Nikaulizwa mbona jana zilikuwa 6. Jana sikuwa nimefungua kivinjari.

Ukitaka ucheleweshaji wa kuaminika kidogo, weka kompyuta ya Linux katikati na netem, uiambie ichelewe millisekunde 100 na ipoteze pakiti 1 katika 100. Hapo angalau uongo umeupanga mwenyewe.

#35 KiungoNusu
Nimesoma uzi wote. @SindanoYaFaiba, ulisema ulikata viungo kwenye GNS3 na kila kitu kikawa kijani. Ulipokata, upande wa pili ulijua kwa njia gani?

#36 SindanoYaFaiba
Sekunde 40 baadaye, jirani alitangazwa kafa.

#37 KiungoNusu
Naam. Kwenye faiba, taa ikizimika, upande wa pili unajua papo hapo. Kwenye viungo pepe vingi, ukizima kiolesura huku, kule kinabaki kimesimama kama mtu anayeongea kwenye simu iliyokatika. Kilichokuokoa ni hello (salamu za OSPF kwa jirani) kila sekunde 10 na kifo cha sekunde 40. Maana yake wiki tatu ulikuwa unajaribu njia moja tu ya kugundua kifo, na ile ya taa hujaigusa. Hakihusiani na nusu saa yako, lakini ripoti uliyosainiwa ina tundu hapo.

#38 SindanoYaFaiba
Uzi huu nilikuja na tatizo moja, natoka na matatu.

#39 ChetiHai
Niutetee uigaji kidogo maana naona anapigwa peke yake. Tarehe 6 Desemba 2018 wateja wa data wa O2 kule Uingereza walikosa mtandao, SoftBank ya Japani nayo ikayumba siku hiyo hiyo. Chanzo kilichotajwa na Ericsson: cheti cha kidijitali kilichokwisha muda ndani ya programu ya nodi za kiini. Hiyo huipati kwa kuacha raki ikiwaka wiki nzima. Unaipata kwenye mashine pepe, kwa dakika kumi: unasogeza saa mwaka mmoja mbele, unawasha, unaangalia nani anaamka. Kuna vifo ambavyo programu tu ndiyo inaweza kuvitembelea kabla.

#40 MzeeWaRilei
Hilo nalikubali. Saa ya raki nayo inasogezwa, ila hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

#41 SindanoYaFaiba
Taarifa mpya. Nimepunguza ruta za kujifanya zikawa chache, njia 20,000 nimeziweka kwenye BGP badala ya OSPF, trafiki ile ile. Kama @NodiYaTatu yuko sahihi, isingeanguka.

Imeanguka dakika ya 51.

#42 NodiYaTatu
Imechelewa dakika 20! Huo ni ushindi wa nusu.

#43 FeniYaKushoto
Usiku chumba ni baridi. Nusu nyingine ni yangu.

#44 SauntiBilaPicha
51? Kwenye kiini cha simu kipima muda cha T3412 ni dakika 54 kwa kawaida, simu zote zilizojiunga pamoja zinajitangaza tena pamoja. Nasema tu.

#45 Bi_Okteti
Kaka, hii ni ruta. Hakuna simu hata moja humo.

#46 SauntiBilaPicha
Ndiyo maana nimesema nasema tu.

#47 KeboNyekundu
Jamani turudi. Tunajua: bila trafiki haianguki, bila OSPF nyingi inachelewa, CRC sifuri, TCAM ina nafasi. Mimi nageukia mlango wa prosesa. Hello za OSPF zinaingia kwenye foleni moja na takataka zote ambazo chipu haikujua la kufanya nazo: pakiti zenye TTL (hatua zilizobaki) iliyokwisha, ARP (maswali ya anwani), pakiti zenye chaguo za ajabu. Mtambo wa trafiki ukiwa unatuma sehemu ndogo tu ya pakiti za namna hiyo, foleni inajaa polepole, au kuna kumbukumbu inayovuja kwa kila pakiti. Sekunde 40 bila hello, jirani kafa. Kwenye imeji pepe hakuna mlango huo, nyumba nzima ni sebule.

Mkuu, toa vihesabio vya foleni ya prosesa kila dakika 5, na kumbukumbu iliyobaki. Chora.

#48 Mtawanyiko
Na uandike muda majirani walipoinuka. Safari hii uandike.

#49 SindanoYaFaiba
Naandika. Majirani wameinuka 22:04:10, trafiki imeanza 22:06:00.

Dakika ya 5: kumbukumbu haijashuka. Foleni ya prosesa imedondosha pakiti 0.
Dakika ya 20: kumbukumbu ile ile. Zimedondoka 3.
Dakika ya 30: zimedondoka 3.

#50 Mpenda_Konsoli
Siendi kulala.

#51 SindanoYaFaiba
Dakika ya 58. Majirani wote wako juu. Sijabadilisha chochote isipokuwa kuchomeka waya wa konsoli kusoma vihesabio.

#52 MzeeWaRilei
Uchomoe.

#53 SindanoYaFaiba
Nimechomoa. 23:05.

#54 FeniYaKushoto
Haya?

#55 Mwanafunzi_wa_Waya
Wakuu, nimepakua GNS3, prosesa yangu iko asilimia 100 na nina ruta moja tu. Hii ni kawaida?

#56 Pakiti_Mpotevu
Unatumia Dynamips. Tafuta Idle-PC (mpangilio wa kupumzisha prosesa), bofya kulia kwenye ruta, chagua thamani yenye nyota. Laptopu itanyamaza.

#57 SindanoYaFaiba
23:38. Wamedondoka.